Sura ya Sita: Meza ya Mbele

Sajini Ghati alianza kwa kuchomoa plagi.

Mwenyekiti Mwigulu alikuwa ameshafungua mdomo kumtambulisha mtuhumiwa, ikabidi aufunge. Alimtazama mpelelezi akiinama chini ya mashine ya randa, akiukunja waya mara mbili na kuutundika kwenye msumari, mbali na soketi.

“Afande, mtuhumiwa ni yule pale,” akasema, akionyesha kwa kidevu. “Mashine haiwezi kukimbia.”

“Na vidole vyangu haviwezi kuota tena,” Sajini Ghati akajibu. “Naanza na huyu mwenye meno.”

Ilikuwa Alhamisi, saa mbili asubuhi, katika karakana ya Umoja wa Maseremala, Ngokolo. Mtuhumiwa aliitwa Jilala, fundi wa zamu ya mchana. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kofia ngumu ya manjano magotini, ile aliyotoka nayo machimboni Geita baada ya miaka kumi ya kuchimba mashimo ya watu wengine. Mbele yake palikuwa na kikombe cha chai na viazi vitamu viwili. Lukresia, mama Blessing, aliyefagia karakana na kupika chai, ndiye aliyemwekea.

“Mtuhumiwa huyo,” Mwigulu akamwambia.

“Mtuhumiwa ana tumbo, Mwenyekiti. Hajahukumiwa njaa.”

Shauri lenyewe lilikuwa hili. Mashine ilikuwa na miezi mitatu tu. Ni kitu rahisi kukieleza: meza mbili za chuma, moja upande wa mlango na nyingine upande wa dirisha, na katikati yake ngoma yenye visu vitatu inayozunguka. Mbao inasukumwa kutoka mlangoni, inapita juu ya visu, inapokelewa dirishani ikiwa imenyooka. Lakini tangu Jumatatu hadi Jumatano mbao arobaini na sita za mninga zilikuwa zimetoka na kasoro. Madawati yalitakiwa Jumatatu ijayo katika shule moja ya upande wa Ibadakuli, ambako darasa la kwanza lilikuwa likisomea sakafuni. Mwigulu alikuwa ameitisha mkutano wa wanachama saa nne. Ajenda ilikuwa moja: kumfukuza Jilala na kumkabidhi polisi kwa hujuma.

Ukanda huu umetoa dhahabu ya kupakiwa kwenye ndege, watoto wake wakabaki wanaandikia mapajani. Watu kumi na wawili walipoamua wasimsubiri mtu, wakachonga madawati wenyewe, kitu kikaharibika, na kidole cha kwanza kikamwangukia mchimbaji. Si jambo jipya. Tangu enzi za pamba, mzigo ukipungua uzito hupekuliwa aliyeubeba. Aliyeshika mizani huandika maelezo.

“Kwa nini yeye?” Sajini Ghati akauliza.

“Watu wa machimboni hawapendi kitu kizima. Halafu ana kisa na mimi. Mwezi uliopita alisimama mkutanoni akataka ufunguo wa karakana ukae kwa katibu.”

“Sasa unakaa kwa nani?”

“Kwa mwenyekiti. Mahali pake.”

Sajini Ghati akaandika neno moja katika kijitabu chake. Akataka aonyeshwe mbao.

Zilikuwa zimeegemezwa ukutani kama watu waliosubiri kupigwa picha. Alifumba macho akaipitishia kiganja ya kwanza, toka kichwani mpaka mwisho. Mwishoni, kiasi cha upana wa kiganja, mkono ulizama kidogo, kama unaposhuka ngazi usiyoitarajia. Akaipapasa ya pili. Ya kumi. Karibu zote zilikuwa zimeliwa mwishoni.

“Tunasema mbao inaumwa mkia,” Jilala akasema kutoka kwenye ndoo yake.

“Inaumwa? Ipelekwe zahanati,” Lukresia akasema.

Kulikuwa na alama nyingine. Mstari mwembamba uliotuna kama mshipa ulipita kwenye kila mbao, urefu mzima. Sajini Ghati alichukua kijiti, akaweka alama ya penseli pale mshipa ulipokuwa kwenye mbao ya kwanza, akakipeleka kwenye nyingine. Penseli na mshipa vilikutana. Vikakutana tena kwenye ya mwisho.

“Mtu anayekwaruza kwa mkono hawezi kukosea hivi mara arobaini na sita,” akasema. “Hili ni jino lenye pengo.”

Akarudi kwenye mashine, akaizungusha ngoma polepole kwa kijiti. Kisu cha kwanza kilikuwa na pengo dogo kama punje ya ulezi. Cha pili kilikuwa nalo mahali palepale. Cha tatu pia.

“Kimegonga chuma,” ikasema sauti mlangoni. “Msumari, pengine.”

Alikuwa Mzee Leodgar, fundi wa zamu ya asubuhi, amevaa kofia yake ya pama. Aliyajua mambo ya mbao tangu akiwa na miaka kumi na mitano, pale Ushirombo, katika karakana ya misheni, ambako alifundishwa useremala, kusoma, na kutokopesha patasi.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Ndiyo wewe uliyetumwa kumkamata kijana wangu?”

“Nimetumwa kumkamata aliyeharibu. Jina sikupewa.”

Mzee Leodgar alimtazama vizuri zaidi.

Sajini Ghati alipiga magoti tena. Kila meza ilikuwa na usukani wake mdogo wa kuipandisha na kuishusha, na nati ya kuikaza isitembee. Vumbi la mbao lilikuwa limelala kila mahali chini ya mashine, nene kama blanketi. Kwenye sukani zote mbili hapakuwa na vumbi. Nati zote mbili zilikuwa zimeng'aa kwa kushikwa na spana.

Akamchukua Jilala peke yake mpaka kwenye rundo la mabanzi, nyuma ya karakana.

“Uliigusa mashine kuirekebisha?”

“Niliigusa, afande. Meza ya mbele tu, kama daftari lilivyosema. Meza ya nyuma sijaigusa tangu ifungwe hapa. Ukitaka niapishe.”

“Kwa nini usiiguse?”

“Sikuagizwa. Duarani, kule chini ya shimo, ukigusa nguzo ambayo hukuagizwa, wenzako wanazikwa.”

Akamwita Mzee Leodgar, mahali palepale, swali lilelile.

“Meza ya mbele nimeigusa, sikatai,” mzee akasema. “Ya nyuma sijaigusa hata kwa kiwiko.”

Sajini Ghati akayasoma maelezo yote mawili kwenye kijitabu. Yalilingana kama mapacha. Wawili wanaapa hawakuigusa meza ya nyuma, na hakuna meza iliyobaki na vumbi lake.

Mwigulu alipoambiwa alifurahi kama mtu aliyeletewa barua. “Mmoja anadanganya. Sasa chagua, afande: mzee aliyelelewa na mapadre, au mtu wa mashimo.”

“Nitachagua nikishasoma. Daftari liko wapi?”

Daftari la zamu lilining'inia kwa kamba karibu na dirisha. Zamu ya asubuhi iliishia saa sita, ya mchana ikaanza hapohapo, na mara nyingi mmoja alikuwa ameshapanda baiskeli kabla mwingine hajaingia, kwa hiyo walizungumza kwa kuandikiana. Hawakuweka majina. Sajini Ghati akasoma kwa sauti.

“Jumatatu, saa sita. ‘Kisu kinakula kidogo. Shusha meza ya mbele karatasi tatu.’ Karatasi?”

“Ndiyo kipimo,” Mzee Leodgar akasema. “Unapachika karatasi chini ya rula. Moja ni unywele. Tatu si mchezo.”

“Jumatatu jioni. ‘Nimeshusha meza ya mbele kalatasi tatu. Mbao zinaumwa mkia. Kesho ipandishwe.’ Jumanne, saa sita. ‘Nimepandisha meza ya mbele karatasi tatu. Bado zinaumwa, na kisu sasa hakili chochote. Ishushwe tena.’ Jumanne jioni. ‘Nimeshusha tena kalatasi tatu kama ulivyosema. Zinaumwa kuliko jana. Ipandishwe.’ Na Jumatano ni wimbo uleule.”

“Unaona?” Mwigulu akadakia. “Huyo anayeagiza kushusha ndiye Jilala. Anajiandikia maagizo ya kuharibu, halafu anayatii.”

Sajini Ghati alichana ukurasa kwenye kijitabu chake, akaukata vipande vitatu. “Kila mmoja aniandikie: karatasi tatu.”

Waliandika. Mzee Leodgar aliandika taratibu, herufi zimelala upande mmoja kama majani yaliyopigwa na upepo: karatasi. Jilala aliandika kalatasi. Mwigulu naye, mwenyekiti, mwenye kalamu tatu mfukoni, aliandika kalatasi.

“Kalatasi ni kalatasi,” akajitetea.

“Hakuna kosa, Mwenyekiti. Huku r mnaifanya l. Sisi kule Tarime l tunaifanya r. Shuleni niliandika ‘kurara’ mpaka darasa la tano, na nililala vizuri tu.” Akaviweka vipande juu ya daftari. “Maagizo ya kushusha yana r. Yameandikwa na mzee. Jilala alikuwa anatii.”

Jilala akainua kichwa. Mzee Leodgar akashusha chake.

“Basi mimi ndiye nimeharibu?” akauliza.

“Sijasema hivyo. Mama Blessing, maranda unayafagilia wapi?”

Lukresia alikuwa akisubiri kuulizwa tangu alipoweka viazi. Alikuwa na banda la kuku nyumbani, na maranda ya karakana yalikuwa haki yake kwa makubaliano ya mwanzo kabisa wa Umoja. Aliyafunga kila siku katika kiroba chake. Akavileta vinne, akavipanga mlangoni.

“Hiki ni cha Jumatatu asubuhi. Shika.”

Maranda yalikuwa yamejikunja vizuri, membamba lakini mazima.

“Hiki Jumanne. Hiki jana. Shika cha jana.”

Sajini Ghati akaingiza mkono, ukatoka na unga.

“Kuku wangu wamepiga chafya usiku kucha kama kwaya yenye mafua,” Lukresia akasema. “Nikasema hii mashine imeacha kula, inalamba.”

Sajini Ghati alikaa juu ya kizingiti. Alimaliza kiazi kimoja cha mtuhumiwa kabla ya kusema.

“Mzee, kisu kikila kidogo, meza ipi inahusika?”

“Ile ambako mbao inaanzia. Ikipanda sana, kisu kinabaki chini, kinalamba.”

“Na mbao ikiumwa mkia?”

“Ile inayopokea imeshuka. Mbao ikishamaliza kuiacha ile ya kwanza inadondoka kidogo, mkia unaangukia kisuni. Hilo analijua kila mtu.”

“Ulilijua Jumanne?”

“Nililijua. Nikajua kuna mtu anaishusha ya nyuma. Nikanyamaza.” Alimtazama Jilala upande. “Nilidhani ni kijana. Nikasema nikimtaja, Mwigulu atamla.”

“Na mimi nilidhani ni wewe, mzee,” Jilala akasema. “Ila si kushusha. Kila mchana nakuta ya nyuma imepanda. Nikasema macho ya mzee yamechoka. Nikaona aibu kukuambia.”

“Macho yangu?”

“Nilinyamaza, mzee.”

“Macho yangu yanaona chawa juu ya tembo.”

Sajini Ghati akasimama, akajipangusa unga. “Mwenyekiti, saa ngapi mkutano?”

“Saa nne. Tumebakiza robo saa.”

“Naomba ajenda yako iwe yangu.”

Wanachama walifika wakiwa na baiskeli na maneno. Katibu Paskalina alikalia benchi la msumeno, kitabu cha mahudhurio mapajani. Mwigulu alibaki na kiti pekee chenye mikono, cha mninga, ambacho Umoja ulimchongea kabla ya dawati la kwanza la mtoto.

“Nina swali la hesabu,” Sajini Ghati akawaambia. “Mtu amepanda ngazi tatu, akashuka tatu, akapanda tatu, akashuka tatu. Yuko wapi?”

“Palepale,” Paskalina akajibu.

“Daftari linasema meza ya mbele imepandishwa tatu na kushushwa tatu, siku tatu. Ingekuwa palepale. Lakini viroba vya Mama Blessing vinasema meza ya kuanzia imepanda, ikaendelea kupanda. Na mikia ya mbao inasema meza ya kupokea imeshuka, ikaendelea kushuka. Moja inapanda tu. Nyingine inashuka tu. Na watu wawili wanaapa hawajagusa meza ya nyuma.” Akarudi hatua moja kutoka kwenye mashine. “Mzee Leodgar, Jilala. Vueni kofia. Kila mmoja aiweke kofia yake juu ya meza ya mbele.”

Walitoka pande mbili za karakana bila kutazamana. Mzee Leodgar aliiweka pama yake juu ya meza ya upande wa mlango. Jilala aliiweka kofia yake ya manjano juu ya meza ya upande wa dirisha.

Wanachama wakaitazama pama, wakaitazama kofia ya manjano. Halafu Lukresia akaanza. Alicheka chini kwa chini, akakamata ufagio ili asianguke, na kicheko kikahamia kwa Paskalina, kisha kwa wenye baiskeli.

“Wewe, hiyo ni ya nyuma,” Mzee Leodgar akasema.

“Mzee, ya nyuma ni hiyo yako.”

“Nyumba ina mbele na nyuma. Mbele ni pa kuingilia, mgeni anapopiga hodi. Nyuma ni uani, pa kutokea. Mbao inapiga hodi hapa.” Akaigonga pama yake. “Hii ni meza ya mbele. Niliambiwa hivyo nikiwa bado sijaota ndevu.”

“Duarani hakuna uani, mzee. Mbele ni unakokwenda. Nyuma ni ulikotoka, kwenye kamba. Ukimwambia mtu songa mbele akarudi kwenye kamba, utamwita mwoga. Mbao inakwenda dirishani. Mbele ni dirishani.”

“Kwa hiyo niliposema shusha ya mbele...”

“Nikashusha hii.”

“Na uliposema ipandishwe...”

“Ukapandisha hiyo. Siku tatu.”

Mzee Leodgar akaivaa pama yake, akaivua tena, akampa Jilala mkono, na mkono haukutosha, akamkumbatia kwa namna ya wazee, bega kwa bega, akimpiga mgongoni kama anayepigilia msumari wa mwisho.

“Macho yangu,” akasema. “Mpumbavu wewe. Na mimi.”

Mwigulu alikuwa hajacheka. “Sawa. Ni neno. Lakini pengo kwenye visu si neno. Mtu amepitisha msumari. Hiyo ni hujuma, na hiyo lazima iwe na mwenyewe.”

“Nakubaliana na Mwenyekiti,” Sajini Ghati akasema, na Mwigulu akashtuka kidogo, kwa kuwa hakuzoea kukubaliwa haraka. “Mshipa uko kwenye mbao zote, hata ya kwanza kabisa ya Jumatatu asubuhi. Mzee, Jumamosi ulikuwepo?”

“Jumamosi mchana nilipitisha mbao mbili za kujaribia. Zile pale. Safi kama uso wa mtoto.”

Sajini Ghati akazipapasa. Hazikuwa na mshipa. “Kwa hiyo visu vimepata pengo kati ya Jumamosi mchana na Jumatatu asubuhi. Jumapili karakana imefungwa. Mama Blessing, umeniletea viroba vinne na umenionyesha vitatu.”

“Hicho cha nne sikuwapa kuku,” Lukresia akasema. “Nilikikuta hapa Jumatatu alfajiri, kabla mzee hajawasha. Nikaogopa rangi itawaua.”

Akakifungua, akakipindua sakafuni. Yalikuwa maranda ya mti mwekundu, na karibu kila moja lilikuwa na mgongo wa kijani, kijani cha mlango, kilichopakwa mara mbili au tatu na miaka mingi. Katikati ya rundo kulikuwa na kichwa cha msumari, kimekatwa, kinang'aa.

Wanachama kumi na mmoja walikuwa wakilifikiria duka moja la kijani la Mwigulu, hapohapo Ngokolo. Jumanne lilikuwa limerudishiwa mlango wake, umenyooka, umepakwa upya.

“Ulikuwa unakwaruza sakafu,” Mwigulu akasema mwishowe, kwa sauti ndogo. “Mlango. Mama mkwe alikuwa analalamika.”

“Mashine ya Umoja,” Paskalina akasema.

“Dakika tano tu.”

“Siku ya Bwana,” akaongeza Mzee Leodgar.

“Na ulikuwa unataka nilale ndani,” Jilala akasema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesoma maandishi ya ukutani ili ahakikishe ndivyo yalivyoandikwa.

Mwigulu akaanza kusema kwamba hakujua kuna msumari, na hilo Sajini Ghati alilikubali na kuliandika, kwa kuwa lilikuwa kweli. Ila aliandika pia, na akasoma ili wote wasikie, kwamba aliyekuwa na ufunguo alimshtaki asiyekuwa nao. Paskalina akauliza anayeunga mkono ufunguo uhamie kwa katibu. Mikono ikanyooka. Paskalina hakuihesabu, aliona hakuna sababu.

“Na mishipa arobaini na sita?” mtu akauliza.

Mzee Leodgar akaenda kwenye sanduku lake, akatoa randa ya mkono, ya mti, iliyong'aa kwa viganja vya nusu karne. Hakuwahi kumwazima mtu. Akaiweka juu ya kiti chenye mikono, kwenye mapaja ya mwenyekiti.

“Utaitoa mmoja mmoja,” akasema. “Fuata njia ya nyuzi, usiende kinyume, usije ukaing'oa nyama. Nikiona umeing'oa, unaanza upya.”

Kisha wakaiponya mashine. Sajini Ghati alikuwa na haki ya kuondoka, kesi imekwisha, lakini alibaki kushika daftari. Mzee Leodgar alilaza kipande cha mninga kilichonyooka juu ya meza ya dirishani, ncha yake ikafika juu ya visu. Jilala akazungusha usukani, meza ikapanda taratibu. Mzee akawa anaizungusha ngoma kwa kijiti, akisikiliza. Kisu kilipita bila kugusa. Kikapita. Kikagusa, kikakivuta kipande cha mninga kiasi cha punje moja ya mtama, kikakiachia.

“Hapo hapo. Kaza.”

Wakajaribu ncha nyingine ya kisu, halafu visu vingine, punje moja kila kimoja, kisha mzee akaishusha meza ya mlangoni mpaka chini ya visu. Pengo la msumari hawakuweza kuliziba, lakini Jilala alilegeza kisu kimoja, akakisogeza pembeni kwa upana wa kucha, akakikaza, ili pengo lake lisikutane na mapengo ya wenzake. Kilichoachwa na viwili kitaliwa na cha tatu.

“Nani kakufundisha hiyo?” mzee akauliza.

“Duarani tunapanga nguzo hivyo. Ufa usifuatane na ufa.”

“Hm,” akasema Mzee Leodgar, na kwake hiyo ilikuwa hotuba.

Sajini Ghati alirudisha plagi. Ngoma ikanguruma. Mbao ikaingia mlangoni, ikatoka dirishani. Wakapitisha ya pili, wakaziweka ubavu kwa ubavu, wakaziinua mbele ya dirisha dhidi ya jua la Ngokolo. Wanachama walisogea, vichwa vikiwa vimebanana, wakitafuta mwanga kati ya mbao na mbao. Hawakuuona hata uzi.

“Zimeoana,” Lukresia akasema.

Hata zile arobaini na sita hazikuwa zimekufa. Dawati ni fupi kuliko mbao. Mzee alipima, akakata kiganja kimoja cha mkia, na kilichobaki kilikuwa kizima. Kwenye kona, randa ya mkono ilikuwa imeanza kulia, mara moja, ikanyamaza, mara moja.

“Limebaki neno,” Sajini Ghati akasema. “Taarifa yangu inasema mhalifu ni neno ‘mbele’. Siwezi kulifunga. Na mkiendelea kulitumia, nitarudi wiki ijayo.”

Wakabishana. Mtu akasema meza A na meza B. Mzee akasema herufi ni za shule. Mtu akasema mashariki na magharibi. Ikabidi watoke nje kutafuta jua. Ndipo Lukresia alipochukua kipande cha chaki.

“Asubuhi mnasalimiana vipi kwa lugha ya huku?”

“Mwangaluka.”

“Na jioni?”

“Mwadila.”

“Kuna mtu amewahi kuambiwa mwadila kabla ya kuambiwa mwangaluka?”

Hakuna. Akaandika MWANGALUKA ubavuni mwa meza ya mlangoni, na MWADILA ubavuni mwa ile ya dirishani. Jilala akasoma mara mbili. Mzee Leodgar, ambaye kwao wanasalimiana kwa Kisumbwa, akasema si vibaya kwa lugha ya jirani. Sajini Ghati akajaribu kulitamka la kwanza, likatoka na r katikati, wakamsahihisha wote kwa pamoja.

Saa sita zamu ikabadilishana. Mzee Leodgar akaandika kwenye daftari, akafunga kalamu, akachukua baiskeli. Halafu akaiegemeza tena, akabaki mlangoni.

Jilala akavaa kofia yake ya manjano, akasoma kwa sauti: “Kisu kinakula kidogo. Shusha Mwangaluka—”

“Mwangaluka,” wakaitikia wote karakana nzima, kwa mazoea ya vinywa: Paskalina, wenye baiskeli, afande mwenye r yake, hata yule wa kwenye kona na randa ya mkono.

“—karatasi moja,” Jilala akamalizia, akisubiri kicheko kipungue. Akaenda kwenye usukani wa upande wa mlango, akauzungusha unywele mmoja.